Sufuria la Mama Lisiloshuka Mafigani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika, wengine Tunduma kwenye biashara za mpakani, wengine Dar es Salaam, mmoja nasikia anaendesha mitambo ya barabara huko Dodoma. Mimi nilitawanyika mpaka barazani kwa mama yangu, nikaweka cherehani, na hapo ndipo nilipo hadi leo ninapoandika haya. Mke wangu huwaambia watu kwamba alipoolewa alidhani amepata mume, kumbe amepata samani. Sibishi. Walau ni samani inayoshona.

Mji wetu ni mdogo. Ukitoka Mbeya, ukishaipita Igawa, unaiacha lami na kupanda na barabara ya vumbi jekundu mpaka masikio yazibe. Ukifika mahali unapojilaumu kwa nini hukubeba sweta, umefika. Kule chini Madibira watu wanalima mpunga kifua wazi, sisi huku juu tunalima viazi mviringo tumevaa makoti. Maji ya bomba tunayapata kwenye chemchemi iliyo ubavuni mwa mlima, yanashuka yenyewe bila mashine, baridi mpaka meno yanauma. Tulikuwa tukijivunia maji hayo kama watu wengine wanavyojivunia timu ya mpira. Juu ya chemchemi kuna mashamba ya viazi, na kila mwaka mashamba yanapanda kidogo, na kila mwaka viazi vinataka mbolea kidogo zaidi ya mwaka uliopita. Hayo tulikuwa tunayaona kwa macho. Hatukuwa tunayawaza.

Kwa sababu ya baridi, kila nyumba ya kwetu ina moto usiozimika, na juu ya mafiga kuna sufuria la maji. Halishuki. Ukichota kikombe unaongezea kikombe, ukichota ndoo ya kuogea unaongezea ndoo, na usipochota kitu linaendelea kutokota tu na kujipunguza, ndipo mtu anapita na kulijaza tena. Mgeni akifika, salamu hazijaisha ameshapewa maji ya moto ya kunawa. Mama mkwe akija kuangalia bintiye ameolewa nyumba gani, hana haja na kitanda wala kabati. Anaingia jikoni, anafunua sufuria. Akilikuta kavu au baridi, habari itafika kwao kabla yeye hajapanda basi.

La mama yangu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote mtaani, na lilikuwa na haki ya kuwa kubwa. Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kwa miaka mingi, wale wanaopewa fulana, baiskeli na shukrani. Nilipokuwa mdogo mji wetu ulikuwa haupiti msimu wa mvua bila kuhara na homa za matumbo. Watu walikunywa maji kutoka bombani, wakayasifu kwa ubaridi wake, kisha wakaugua. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akiwafundisha kuchemsha. Alifukuzwa na mbwa, alifukuzwa na walevi, kuna bwana mmoja alimfukuza kwa heshima kabisa, akamsindikiza hadi getini. Alirudi kwa wote. Kidogo kidogo maji ya kunywa yakaanza kutoka kwenye sufuria lile la mafigani, ambalo zamani lilikuwa la kuogea na kuoshea vyombo tu, na homa zile zikapungua mpaka watoto wa sasa hawazijui. Mama akiwa amekunywa chai yake ya jioni na amefurahi, alikuwa na usemi wake mmoja.

"Mji huu," husema, "mimi ndiye niliyeuchemsha."

Na ni kweli. Nimekulia chini ya jambo hilo kama mtoto wa mwanasiasa anavyokulia chini ya picha ya babake ukutani.

Sasa, mtoto wetu wa mwisho alizaliwa mwanzoni mwa baridi. Msichana, mnene, sauti kama ya filimbi ya refa. Hakufikisha hata mwezi, mke wangu akapata jipu kwenye titi, akapasuliwa, akapewa dawa kali, na maziwa yakakauka. Tukaingia kwenye maziwa ya kopo. Mama hakumwachia mtu kazi hiyo. Chupa aliziosha yeye, maziwa alikoroga yeye, na maji, bila shaka, yalitoka kwenye sufuria lake, yale yaliyochemka tangu asubuhi, na mengine tangu jana yake.

"Mjukuu wangu hatakunywa kijidudu hata kimoja," alisema.

Mke wangu akaniangalia. "Na wewe baba yake, utamfanyia nini?"

"Nitamshonea kofia," nikasema. Nikamshonea kofia. Ilikuwa kubwa, ikamfunika mpaka puani.

Tulianza kuona mabadiliko wakati akikaribia miezi mitatu. Filimbi ya refa ikapungua. Akawa analala sana, akinyonya anachoka katikati ya chupa kama mtu aliyepanda kilima. Siku moja mchana mke wangu alimpeleka mlangoni kwenye mwanga, akaniita kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeizoea. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya mtu aliyekula zambarau. Kucha nazo hivyohivyo.

Mama alikuja akamtazama. "Baridi," akasema. "Mwezi huu hata mimi vidole vimekufa. Mfunikeni."

Tukamfunika. Juu ya blanketi tukaweka shali, juu ya shali kitenge, juu ya kitenge kofia yangu. Tukamsogeza karibu na moto. Na kwa kuwa mtu mwenye baridi anahitaji kitu cha moto tumboni, mama akamwongezea maziwa. Ndiyo tiba ya kwetu, hakuna mtu wa huku ambaye angefanya vingine. Kesho yake asubuhi rangi ilikuwa imezidi na mtoto alikuwa anapumua kwa haraka, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga.

Zahanati ni mwendo wa kutembea. Muuguzi alimvua matabaka yote yale akiguna kila tabaka, akasikiliza kifua, akasikiliza tena. Akamgeukia mama yangu, ambaye ndiye aliyemfundisha kupima uzito wa watoto alipokuja mji wetu akiwa mgeni.

"Mama, kifua ni safi. Hii si nimonia. Siielewi. Nendeni Mbeya sasa hivi, nawapigia waje na gari."

Nilikuwa sijafika Mbeya kwa muda ambao sitautaja, kwa kuwa mke wangu atasoma. Sikumbuki njia. Nakumbuka mama amemshika mtoto kifuani na kidole chake kimeshikwa na kile kimkono, na kila gari lilipopunguza mwendo kwenye matuta alikuwa anainama kusikiliza kama pumzi bado zipo. Mke wangu alikuwa anamtazama mama, siyo mtoto. Baadaye aliniambia alikuwa anausoma uso wa mama, kwa kuwa uso wa mtoto hakuweza.

Hospitalini walimchukua. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye kope nzito, asiyetania. Alitoa damu kwenye bomba dogo la sindano akaiinua kwenye mwanga, nami niliiona. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya kahawa, kama chai iliyosahaulika na majani yake ndani. Daktari aliitazama, akamtazama mtoto, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ananyonya?"

"Maziwa ya kopo," mke wangu akajibu.

"Mnayakoroga na maji gani?"

Mama alijinyoosha. Hilo lilikuwa swali lake. "Ya kuchemsha, daktari. Yamechemka sana. Kwangu sufuria halishuki motoni."

"Halishuki?"

"Halishuki. Yakipungua tunaongezea."

Daktari akashusha sindano taratibu. "Mnakotoka, juu ya chemchemi yenu kuna nini?"

Nilijibu mimi. Nilisema viazi. Nilisema kwa majivuno kidogo, maana viazi vyetu vinafika hadi Dar.

Walimwekea mtoto dawa ya mshipani, dawa ya rangi ya bluu kama wino wa shule, na nilijiambia kwamba hapa sasa nimepotea kabisa, mtoto amekuwa wa bluu wanamwongezea bluu. Lakini midomo ilianza kurudi huku tunaangalia. Ilianza katikati ikaenda pembeni. Kabla jua halijazama alilia, na ile filimbi yake ilijaa wodi nzima, na mwanamke wa kitanda cha jirani alisema, "Mama weee, huyu alikuwa anaumwa nini?"

Daktari alirudi, akavuta kiti akakaa mbele ya mama. Nilimpenda kwa kukaa. Akaeleza kwamba mbolea na samadi zinazowekwa mashambani hazitumiwi zote na mimea. Mabaki yake yanazama na mvua hadi kwenye chemchemi, nayo yanaitwa naitreti, hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Mtu mzima anayakojoa tu. Ila mtoto mchanga wa chini ya miezi sita, anayekunywa maziwa ya kukorogwa, yanamgeuza damu isiweze kubeba hewa.

"Lakini tulichemsha," mama akasema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Hiki hakifi, maana hakijawahi kuwa hai. Maji yanapanda na mvuke, chenyewe kinabaki. Ukiongezea maji mengine, unaongezea na kingine. Sufuria lako lilikuwa linakikusanya."

Mama alikuwa ameikunja mikono yake juu ya mapaja, ile mikono yenye makovu ya mvuke, na aliitazama kama vitu vilivyoletwa na mtu mwingine. Nilitaka kusema neno. Sina ustadi wa maneno ya namna hiyo, nikaenda kumnunulia chai. Hakuinywa.

Tuliporudi nyumbani na mtoto wetu amepona, mizigo yetu ikiwa ni maji ya chupa aliyotuambia daktari, mama alikwenda moja kwa moja jikoni. Alilishusha sufuria, akalimwaga uani, akaliinamisha ukutani. Kisha akakaa. Nilidhani anaomboleza. Kumbe alikuwa anawakumbuka watoto wa mji mzima, mmoja mmoja, akihesabu nani ananyonya na nani yuko kwenye chupa.

"Mama duka," akasema, akasimama.

Mama duka ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Babu yake alitoka Bara Hindi akafungua duka la vitambaa na sukari, yeye amezaliwa hapahapa, ni Mwislamu wa swala tano, na anaongea Kibena kuliko mimi, jambo ambalo hasahau kunikumbusha. Yeye na mama wamegombana kila siku ya maisha yao na hawajawahi kulala bila kuulizana habari. Mkwewe alikuwa amejifungua mvulana wiki moja na sisi, na maziwa yalimtoka machache, na huyo mvulana naye alikuwa kwenye chupa. Maji ya chupa hiyo yalitoka kwenye sufuria ambalo mama mwenyewe alimsimamia kulinunua.

Nilimfuata. Tulimkuta yuko kaunta anapima maharage.

"Kamwene, dada," akasalimu kwa Kibena. "Mjukuu wetu?"

"Kamwene. Amepona, wamemtia dawa ya bluu. Nimekuja kwa ajili ya wako. Usimpe tena maji ya sufuria lile."

Akaweka kipimo chini. "Nimpe ya bomba?"

"Hapana. Ya bomba nayo hayafai."

"Ya sufuria hayafai, ya bomba hayafai. Dada, huko Mbeya wamekupa dawa ya bluu na wewe? Miaka yote hii unanipigia kelele chemsha, chemsha, mpaka nikiota naota mvuke. Leo unasema nisichemshe. Kesho utaniambia nimwogeshe mtoto kwa soda."

"Sijasema usichemshe."

"Umesema nini basi?"

Hapo ndipo nilimwona mama yangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya mtu yeyote, anafungua mdomo na kuufunga. Alijaribu. Alisema naitreti, akasema mvuke, akasema mbolea, na kila neno lilifika kaunta likafa. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri sukari walikuwa wanasikiliza kwa makini. Na kabla jioni haijafika mji ulikuwa umepata toleo lake. Eti maji ya kuchemsha yana sumu. Eti mama mwenyewe amekiri. Jirani wa nyuma yetu alipita barazani kwangu na kikombe cha maji ya bombani mkononi, akaniinulia kama anayenitakia heri, akanywa.

"Tumeokoa kuni," akasema.

Mama aliyasikia akiwa ndani. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo, hata ndani ya lile gari. Kwa maana sasa alikuwa na mambo mawili mkononi na kila moja likimsukuma mwenzake. Akinyamaza, mvulana wa mama duka na wengine kama yeye wataendelea kunywa kile kilichomgeuza mjukuu wake damu. Akisema vibaya, mji mzima utaacha kuchemsha, na mvua zikija homa za matumbo zitarudi, na kazi ya maisha yake yote itamwagika uani pamoja na yale maji.

"Siku ya kliniki ni lini?" akaniuliza.

"Keshokutwa."

"Basi nina mpaka keshokutwa nijue kuongea."

Siku iliyofuata hakuongea na mtu. Mke wangu alikuwa na mtoto, kwa hiyo kupika kuliniangukia mimi. Nilibandika mchuzi wa maharage, nikautia chumvi kwa kipimo changu cha kawaida, nikarudi kwenye cherehani kumalizia suruali ya mwanafunzi. Redioni kulikuwa na mpira. Mchuzi niliukumbuka timu yetu iliposawazisha. Ulikuwa umebaki kidogo chini, mzito, unanung'unika.

Mama alionja. Akakunja uso mpaka macho yakapotea. "Baba, umetia chumvi yote ya dukani?"

"Nimetia kama siku zote. Umekauka tu."

Alibaki na kijiko hewani. Niliona kitu kinampita usoni, na kwa muda nilifikiri ni ile chumvi.

"Rudia," akasema.

"Umekauka tu."

"Na chumvi hukuongeza."

"Mama, sikuongeza. Ukitaka nitaongeza maji—"

"Usiongeze kitu. Kaa hapohapo. Wewe mtoto," akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mbeya, "hujawahi kupika kitu kikalika, na leo ndiyo umepika cha maana."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta siku ya kliniki kwenye uwanja wa zahanati, mwanamume pekee katikati ya kina mama na vichanga vyao, nimefungwa kitenge kiunoni, nakoka moto. Mama alikuwa ameagiza masufuria mawili yaliyolingana. Alichanganya maji na chumvi na nyanya kwenye ndoo moja, mbele ya watu wote, akawaonjesha wachache waone ni mchuzi mmoja, kisha akaugawa. La kwanza alisema likichemka tu niliepue. La pili nisiliguse.

Kina mama hawakuniacha.

"Shemeji, leo umetoka nje? Nyumba imeungua?"

"Shemeji, hicho kitenge kimekukaa. Mkeo anajua?"

"Ndiye aliyenifunga," nikasema.

Watoto walipimwa uzito mmoja baada ya mwingine kwenye ule mzani wa kuning'iniza, wakilia kwa zamu, na sufuria la pili lilitokota na kupungua. Mama duka alifika akiwa amechelewa kama kawaida, mkwewe nyuma yake na yule mvulana amefunikwa shali tatu. Akaniona, akamwona mama, akakaa benchi la mwisho, mikono kifuani.

Kazi ya mzani ilipokwisha mama alisimama. Hakuvaa fulana yake ya uhudumu. Alivaa sweta lake la kila siku. Akachota kwenye lile sufuria la kwanza akawapitishia vijiko, wakaonja, wakatingisha vichwa, mchuzi mzuri. Akachota kwenye la pili. Wa kwanza aliyeonja alitema. Wa pili akacheka na kuukunja uso. Miguno ikapita benchi hadi benchi mpaka kwa mama duka, ambaye alionja kidogo, akaonja tena.

"Huu umetiwa chumvi mara mbili," akasema.

"Nani ameniona nikiongeza?" mama akauliza.

Waliniangalia mimi. Niliinua mikono.

"Hamkuniona kwa kuwa sikuongeza. Maji yameondoka, chumvi imebaki. Sasa nisikilizeni. Kwenye maji yetu ya bomba kuna vitu viwili. Kuna vijidudu, hivyo vinakufa vikichemka, na vitaendelea kufa. Ole wake nitakayemkuta anakunywa maji ya bomba mabichi akisema mimi ndiye niliyemruhusu." Jirani wa nyuma yetu hakuwepo, lakini mkewe alikuwepo, akainamisha kichwa. "Na kuna kingine, kinatoka kwenye mbolea za viazi vyetu. Hicho hakifi. Hicho ndicho chumvi. Mimi na nyie, matumbo yetu yanakimudu. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo, ambaye hajafikisha miezi sita, hakimudu. Na sufuria letu lisiloshuka, tunaloongezea kila siku, linamkusanyia."

Kulikuwa na msichana mmoja mbele, mama wa mtoto wa kwanza, asiye na woga. "Lakini bibi, si wewe uliyetufundisha hilo sufuria?"

Niliacha kuchochea moto. Nilijua nyuma ya swali hilo kuna miaka yake yote, baiskeli, mbwa, yule bwana wa getini.

"Ni mimi," mama akasema. "Niliwafundisha nilichokijua, na kiliwasaidia. Hiki sikukijua. Wa kwanza kukipata ni mjukuu wangu, kwa mkono wangu huu. Nimekijua wiki iliyopita, leo nimekuja. Kingine nikikijua mwaka kesho, nitakuja pia, na mtanipisha nipite."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma bei ya sukari. Nimesikia hotuba redioni, nimesikia wachungaji, nimemsikia mbunge wetu akiahidi lami. Sijawahi kumsikia mtu mzima, mbele ya watu waliomheshimu kwa jambo moja, akiliweka jambo hilo mezani na kuligeuza upande wa pili bila sauti yake kutetemeka. Nilikuwa nimeshika mwiko, nimefungwa kitenge, macho yananitoka machozi. Nilisingizia moshi. Hakuna aliyeniamini, maana moto ulikuwa umeshazimika.

Mama duka alisimama. Alimfunua mjukuu wake shali moja moja, akampa mkwewe chupa aishike, akambeba mtoto mpaka kwa mama, akamwonyesha mkono wake.

"Mtazame."

Mama alikishika kidole kile kidogo, akabonyeza ukucha, akaachia. Rangi ilichelewa kurudi, na iliporudi haikuwa ile tuliyoitaka. Muuguzi alikuwa ameshafika. Hakukuwa na kelele. Mama duka alikwenda Mbeya na gari lilelile na mkwewe, na kwa kuwa mtoto alikuwa hajafika pale wetu alipofika, walirudi baada ya siku chache tu, yeye akilalamika kwamba chai ya hospitali haina tangawizi.

Kabla ya kupanda gari alikuwa amenitupia funguo za duka. "Wewe mpishi. Katoni za maji ya chupa ziko nyuma ya unga. Kila mwenye mtoto wa chupa hapa apate. Usiandike, utakosea tu."

Muuguzi alikuwa amekwishapeleka taarifa, na baadaye watu wa maji walikuja kutoka mjini na chupa zao ndogo. Walichukua maji ya bomba, wakachukua na ya chemchemi ya upande wa msituni, ambako hakuna shamba. Majibu yalikuwa kama daktari alivyodhani. Yetu hayafai kwa vichanga, ya msituni yanafaa. Kuhamisha bomba ni kazi ya vikao, na vikao vinaendelea, na wenye mashamba wamekubali kushuka kidogo kutoka juu ya chemchemi, wengine kwa hiari na wengine kwa kuwa mama alikwenda kukaa mlangoni kwao mpaka wakubali. Wakati huo wote vichanga vya chupa vinahitaji maji ya msituni, na mtu wa kuyaleta anahitajika. Mama alinitaja mimi bila kuniuliza. Sasa kila asubuhi nasukuma baiskeli yake ya uhudumu, madumu nyuma, kupanda kule juu, na kushuka nikigonga milango. Yakifika, yanachemshwa mara moja, yanaepuliwa, basi. Cherehani inafunguliwa mchana. Wateja wamelalamika, nami nimewaelekeza kwa mama.

Siku za kliniki mama hukaa kwenye benchi la mbele, kabla ya mzani. Kila mtoto anayepita anashikwa kidole. Juzi ilikuwa zamu ya mvulana wa mama duka, ambaye sasa ana mashavu ya kutosha watoto wawili. Mama alibonyeza ukucha, akaachia, akasubiri. Rangi ya waridi ilirudi palepale.

"Mzuri," mama akasema. "Karibu kama wa kwangu."

"Karibu?" mama duka akasema. "Tazama vizuri, dada. Vaa miwani."

Mama akavaa miwani. Akakibonyeza tena kile kidole, taratibu, wakainama wote wawili, vichwa vyao vikikaribia kugusana, wakaingoja rangi.